Mpeni mama mkubwa hela mkononi mwake

Wiki hii imeingia tena ile hela ya watoto, na badala ya kufurahi nimeshikwa na hasira. Ngoja nieleze.

Naishi Ujerumani, nina watoto wawili. Hapa mzazi hulipwa na serikali kwa kila mtoto, wenyewe wanaiita Kindergeld. Mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi kwa mtoto mmoja, awe mtoto wa daktari au wa mfagiaji. Inaingia benki, basi. Hajawahi kutokea mtu kuniuliza nimenunua viatu, nyama, au nimelipia umeme. Hata jirani hana la kuninong'onea, maana naye anaipokea.

Siku hiyohiyo nafungua simu, nakuta kundi la ukoo linawaka moto. Kosa langu? Nimemtumia mama mkubwa hela moja kwa moja kwenye simu yake, kijijini Mkuranga, bila kupitia kwa kaka zangu wa Dar. Kaka wa Tabata anasema ningemtumia yeye, akanunue unga, mchele na mafuta, ampelekee. Wa Mbagala anaongeza kwamba wazee wa shamba wakishika hela wanachanganyikiwa. Mwingine kaandika kwa herufi kubwa kabisa: ATAIGAWA YOTE.

Jamani, mama mkubwa amelea watoto sita na sasa analea wajukuu watatu kwa mikorosho na mihogo. Mwanamke aliyepitisha watu tisa kwenye miezi ya njaa, nani kati yetu anaweza kumfundisha kupanga matumizi?

Na hiyo miezi mnaijua. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa mikorosho inataka dawa ya salfa, shamba linataka palizi, shule inataka michango yake, na ndani hakuna kitu. Hapo ndipo anapokuja mtu wa kangomba, yule anayekukopesha sasa ili umlipe kwa korosho msimu ukifika, na laki yake mkononi. Unaichukua, kwa sababu mtoto ana homa leo, si Oktoba. Msimu ukifika, korosho zinapita mbele ya macho yako zikielekea kwake kwa bei ya kutupa, na wewe unarudi kwenye njaa ileile, mwaka unaofuata hivyohivyo. Sasa niambieni, mfuko wa unga wa kaka yangu ungemlipa vipi kijana wa mashine ya kupulizia? Ungenunua petroli?

Mwaka jana nilituma mwezi wa saba. Akanunua petroli ya mashine, akaweka vibarua wa palizi, akalipa deni la dukani. Mtu wa kangomba alipopita aliambiwa mwaka huu hapana. Oktoba akapeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, zikaingia mnadani kama za wakulima wengine wenye uwezo, akasubiri malipo yake bila kumpigia mtu magoti. Nyumba imepata bati upande mmoja. Mjukuu mkubwa ana sare ambayo haikuvaliwa na mtu mwingine kabla yake. Ni kweli, sehemu aliitoa kwenye msiba wa jirani, na hilo ndilo lililowaudhi kaka zangu. Lakini kijijini kuzikana ndiyo bima yenyewe. Asiyetoa leo, kesho analia peke yake.

Najua mtakachosema: dada umekula mkate wa Ulaya umeanza kutufundisha. Sijaja kuwauzia Ulaya. Hapa nako anayeomba msaada Jobcenter, ofisi ya serikali ya wasio na kazi au kipato, anadaiwa karatasi za benki za miezi mitatu, maisha yake yanasomwa mstari kwa mstari, na watu wazima wanatoka pale wamenyong'onyea. Wananitumia barua za karatasi kwa kila jambo, wakati mama mkubwa kule Mkuranga hela inamfikia kabla sijashusha simu, na wakala yuko chini ya mwembe. Katika hilo tumewaacha mbali na ninawaambia kila siku kazini.

Na si kwamba sisi hatujui jambo hili. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ipo tangu mwaka 2000. Mwaka 2010 hela taslimu zilijaribiwa hapohapo jirani, Bagamoyo na Kibaha, na Chamwino kule Dodoma, vijiji 80, nusu vikapewa, nusu vikasubiri, halafu wakalinganishwa. Waliopewa walifuga kuku na mbuzi zaidi, wakajiunga zaidi na CHF, ile bima ya afya ya jamii, watoto wao wakavaa viatu. Hao ni watu wa Pwani na Dodoma, msiniambie ni mambo ya wazungu. Baadaye mpango wa kunusuru kaya maskini ukafikia zaidi ya kaya milioni 1, na awamu ya pili ikazinduliwa Februari 2020. Ninajivunia kwamba mkutano wa kijiji ndio unaotaja nani hana, mbele ya watu.

Ila baada ya hapo tunaharibu wenyewe. Kiasi kidogo, kila baada ya miezi miwili kama hakijachelewa, na kwa hicho kidogo mlengwa anaonyesha kadi ya kliniki, mahudhurio ya shule, na anavumilia maneno kisimani. Akionekana na kitenge kipya ni kosa. Akinunua soda ni kosa. Mimi hapa nanunua maua kwa hela ya serikali na hakuna anayekohoa.

Watalewa mnazi, anasema kaka. Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilitoa mapitio ya tafiti 19 kuhusu hilihili la pombe na sigara, na karibu kote matumizi hayo hayakupanda, kwingine yalishuka. Watabweteka? Huko Siaya, Kenya, kaya zaidi ya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, katika utafiti uliogusa vijiji 653. Fundi akapata kazi, muuza duka akauza, hata majirani ambao hawakupewa kitu hali yao ikapanda. Kila dola 1 iliyoingia ilizaa karibu dola 2.5 kwenye uchumi wa eneo lile, na bei za vitu hazikupanda ila kidogo mno. Hela haikulala.

Mwingine atasema Ujerumani ina kodi, sisi hatuna. Kwani mama mkubwa halipi kodi? Sabuni anayonunua ina VAT. Tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021 ilimkata na yeye. Sehemu kubwa ya hela za TASAF ni mikopo, na mikopo hiyo atailipa yeye na wajukuu wake, kwa hiyo anayempa hela hiyo hamfanyii hisani.

Kaka zangu, nawapenda na nawaheshimu. Mnapokwenda Mkuranga pelekeni zawadi zenu, unga pia unaliwa. Lakini mimi mwezi wa saba natuma tena, kwa namba yake, na ya kutolea juu yake.