Mahindi Yalipokata Intaneti ya Mwalimu

Mwezi wa pili Mwalimu alikuwa akitazama habari za saa moja barazani kwake kwa intaneti yangu. Mwezi wa sita alikuja kuniuliza, kwa upole wa mtu anayeogopa kuonekana mdai, kama nimebadilisha nenosiri. Sikuwa nimegusa kitu. Lililobadilika ni shamba. Kati ya nyumba zetu, hapa Lurambi nje kidogo ya mji wa Kakamega, kuna hatua kama themanini, na penye udongo mtupu Februari sasa palisimama mahindi yanayonipita kimo. Jani bichi ni maji, na maji hula mawimbi ya redio.

Kila niliyemweleza alinipa dawa ileile: nunua rauta kubwa. Nikanunua. Ina antena sita, ukiitazama utadhani buibui aliyelala chali. Simu ya Mwalimu ikaonyesha mistari ya Wi-Fi imejaa, lakini video haifunguki.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi wa mtaani. Wanauza nguvu, kana kwamba intaneti ni maji ya bomba yanayotaka presha tu. Mawasiliano ya Wi-Fi ni mazungumzo. Rauta inaweza kupaza sauti hadi kwa jirani wa tatu, ila simu hujibu kwa kunong'ona, na mnong'ono huo ndio unaopotelea mahindini. Hata ukiweka antena kumi upande wako, simu ya mwenzako haiongezi sauti. Ekstenda, kile kifaa cha kudaka Wi-Fi na kuirusha tena mbele, nayo ni pesa ya kutupa kwa kazi hii. Ile ya bei nafuu ina redio moja, inapokea na kurudisha kwa masafa yaleyale, kwa hiyo kasi inashuka karibu nusu. Halafu utaiweka wapi, katikati ya shamba?

Kabla ya hayo yote tulikuwa tumejaribu waya. Kwa hesabu unafaa, maana waya wa mtandao wa shaba unakubalika hadi mita 100. Lakini hii ni Kakamega, na radi ya huku haipigi hodi. Alasiri moja ilipiga mkaratusi ulio kando ya barabara, wala si nyumba zetu, na rauta zote mbili zikafa papo hapo. Waya mrefu wa shaba unaounganisha nyumba mbili ni kama kuipa radi njia ya mkato. Faiba, uzi wa kioo unaosafirisha data kwa mwanga, haina shida hiyo kwa kuwa kioo hakipitishi umeme, ila kumwita mtu na mashine yake ya kuunganisha faiba kwa ajili ya hatua themanini niliona ni kuchinja ng'ombe kwa hamu ya maini.

Kilichotufaa ni jozi ya redio za nje za kurushiana intaneti, zile nyeupe zinazofungwa kwenye bomba. TP-Link CPE510 ni mfano mmoja. Moja iko kwangu, juu ya usawa wa paa, nyingine iko kwake, na zinatazamana. Yangu imepangwa kuwa mtoaji, yake mpokeaji. Umeme wake hupanda kwa waya uleule wa mtandao kutoka kisanduku kidogo kilicho ndani ya nyumba. Kwa Mwalimu waya unashuka hadi rauta ya kawaida sebuleni, na sasa simu yake inanong'onea kitu kilicho hatua tano tu.

Fundi alitaka tutumie masafa ya gigahezi 2.4, eti inapenya miti. Ni kweli inapenya kuliko 5, lakini kwa nini tupenye wakati tunaweza kupita juu? Isitoshe, kwenye 2.4 mikondo (njia ambazo rauta hugawana hewani) isiyoingiliana ni mitatu tu, 1, 6 na 11, na majirani wameshaijaza. Tukachukua 5. Jambo ambalo watu hulikosea ni kudhani kuonana kwa jicho kunatosha. Mawimbi yanataka upana. Kwa umbali kama wetu, mita 60 hivi, katikati ya safari unahitaji uwazi wa karibu mita moja kuuzunguka mstari huo. Redio inayochungulia kwa shida juu ya mbelewele za mahindi haijakusaidia. Na usiifunge nyuma ya tangi la maji, kama alivyopendekeza mtu ambaye sitamtaja kwa kuwa ni shemeji yangu.

Pesa sasa. Mwalimu alitaka kulipa nusu, nikakataa. Kwangu kuna vijana watatu na yeye yuko na mkewe tu, kwa hiyo analipa theluthi, na tumeandika. Niliona haya kumwekea karatasi mbele mtu aliyenifundisha hesabu darasa la sita, lakini yeye ndiye aliyeleta kalamu. Mkataba wa intaneti una jina langu. Likitendeka baya kupitia laini hii, mlango utakaobishwa ni wangu, ndiyo maana nenosiri halitoki nje ya nyumba mbili. Nao mkataba wenyewe usome, maana mingine hukataza kugawana. Kuuza ni jambo jingine kabisa: anayetaka kuwauzia majirani intaneti anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na sina hamu ya kuwa kampuni.

Umeme ukikatika kwangu, sote tuko gizani. Hilo bado tunalijadili, nani anunue betri.

Wasiwasi mwingine ni mparachichi wa Mwalimu. Umeanza kuusogelea mstari wetu, na mvua ikinyesha, kasi ya intaneti inayumba. Nilimwomba tuupogoe. Akautazama mti, akaitazama redio, akasema, "Mwanangu, huu ulikuwa hapa kabla ya intaneti." Ameniruhusu tawi moja.