Tunavyosoma vibaya madhara ya Cipro

Ukinunua antibiotiki ya Cipro katika duka la dawa la mtaani hapa Mombasa, iwe Kongowea, Majengo au Likoni, aghalabu utapewa vidonge vilivyokatwa kwa mkasi kutoka pakiti kubwa, vikatiwa ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa kwa kalamu 1x2, kisha utaambiwa umalize dozi. Ile karatasi nyembamba iliyokunjwakunjwa, yenye maandishi madogo yanayoeleza madhara, hubaki ndani ya boksi, na boksi likiisha hutupwa nalo. Kwa hivyo mgonjwa huanza dawa bila kusoma lolote, na atakachokijua kuhusu madhara yake atakipata usiku katika kundi la WhatsApp la ukoo, kwa sauti ya mtu asiyemjua anayeapa kwamba dawa hiyo ilimkata jirani yake mshipa wa mguu.

Ugumu uko hapa: sauti ya namna hiyo haisemi uongo mtupu. Siprofloksasini, ambayo watu wetu huiita Cipro hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa, imo katika jamii ya antibiotiki zinazoitwa fluorokwinoloni, na iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Ilipofika 2008, FDA, mamlaka ya dawa na chakula ya nchi hiyo, iliamuru onyo lake zito kabisa liwekwe kwenye dawa za jamii hii, kwamba zinaweza kuvimbisha au kukata kano, yaani zile kamba ngumu zinazoshikisha msuli kwenye mfupa, hasa ile iliyo nyuma ya kisigino. Baadaye yaliongezwa maonyo kuhusu neva, kuhusu kushuka kwa sukari na kuvurugika kwa akili, na mwishoni mwa 2018 kuhusu kupasuka kwa aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Mwaka huohuo Ulaya iliitisha kikao cha hadhara ambamo wagonjwa wenyewe walisimama wakaeleza yaliyowapata, na matumizi ya dawa hizi yakabanwa. Uingereza nayo, Januari 2024, iliagiza zitolewe pale tu ambapo antibiotiki nyingine hazifai.

Anayesoma orodha hiyo kwa haraka ataitupa bahasha yake jaani. Mwingine, aliyemeza Cipro mara nyingi na hakuona chochote, atasema haya ni maneno ya watu wasiopenda dawa za hospitali. Nawaona wote wawili kuwa wamekosa kitu kimoja, nacho ni hesabu. Karatasi za dawa zinazofuata utaratibu wa Ulaya huyapanga madhara kwa viwango: linaloitwa la kawaida humpata angalau mtu 1 kati ya 100 lakini si zaidi ya 1 kati ya 10, na linaloitwa nadra sana humpata chini ya mtu 1 kati ya 10,000. Kwa siprofloksasini, kichefuchefu na kuharisha vimo katika kiwango cha kwanza, ilhali kukatika kwa kano kumo katika hicho cha mwisho. Hatari nayo haikugawanywa sawasawa, kwa kuwa humwelemea zaidi aliyepita miaka 60, anayetumia dawa za steroidi, mwenye figo dhaifu, na aliyepandikizwa kiungo. Kijana wa miaka 25 na babu yake wanaweza kupokea bahasha inayofanana kwa kila hali, lakini hawakupokea hatari moja.

Pamoja na hayo, nadra sana haimaanishi hakuna. Dawa ikimezwa na mamilioni ya watu, hata dhara la mtu mmoja kati ya elfu kumi litawapata mamia. Na dhara la namna hiyo haliwezi kuonekana vizuri katika majaribio ya kabla ya dawa kuuzwa, kwani hata kwa dhara la mtu 1 kati ya 1,000, huhitajika watu kama 3,000 ili uwe na matumaini ya kutosha ya kuliona mara moja tu. Hiyo ni sababu mojawapo ya miaka ishirini na zaidi kupita kati ya idhini ya 1987 na lile onyo zito la 2008. Kilicholeta onyo hilo ni ripoti zilizoandikwa moja moja na kurundikana kwa miaka.

Ripoti, hata hivyo, ni shaka iliyoandikwa. Mtu amemeza dawa, kisha jambo limetokea, na mwandishi anashuku kuwa viwili hivyo vinahusiana; hatakiwi kuthibitisha. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kukusanya shaka hizo ulianza 1968, baada ya msiba wa dawa ya thalidomaidi uliozaa watoto wenye mikono na miguu mifupi au isiyokamilika, na Kenya ilijiunga nao mwaka 2010. Hazina yake, inayotunzwa Uppsala nchini Uswidi, ina ripoti zaidi ya milioni 30. Anayekutajia kwamba dawa fulani ina ripoti elfu kadhaa hajakwambia ukubwa wa hatari, kwa sababu hakukwambia ni wangapi walioimeza wakapona salama, wala ni wangapi walioumia wasiripoti. Tena dawa ikitangazwa sana kwenye habari, ripoti zake huongezeka ingawa vidonge ni vilevile.

Chukua mfano unaoweza kutokea katika nyumba yoyote ya hapa mwezi wa Ramadhani. Mzee mwenye kisukari, anayemeza glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, ameanza Cipro kwa kuambiwa ana taifodi. Alasiri ya siku ya pili anatetemeka, jasho baridi linamtoka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Ukoo mzima utasema ni Cipro. Huenda ni kweli, kwani siprofloksasini inajulikana kushusha sukari, hasa kwa mtu anayetumia dawa za aina ya glibenklamidi. Lakini glibenklamidi peke yake huishusha, saumu huishusha, na mgonjwa wa homa aliyeshindwa kula daku anakuwa amejiongezea sababu nyingine. Swali lililofaa kuulizwa dukani ni dogo: “Ami, unatumia dawa gani nyingine?” Na jibu ninalolisikia wazee wakilitoa ni: “Sina dawa nyingine, mwanangu, ni hizi za sukari basi.” Kwao dawa za sukari ni kama chumvi ya mchuzi, hakuna anayeihesabu. Ripoti ya kisa kama hiki isiyotaja saumu, glibenklamidi na daku iliyokosekana itakuwa imeandika theluthi moja ya habari.

Wakati nao una maneno yake. Dhara lililoanza kabla ya kidonge cha kwanza haliwezi kuwa la kidonge, na lililotoweka dawa iliposimamishwa lina ushahidi bora kuliko lililoendelea vilevile, ingawa kano huvunja kanuni hii, maana maumivu yake yanaweza kuanza ndani ya saa 48 au miezi kadhaa baada ya dozi kwisha. Mtoto aliyetokwa na vipele akiwa kwenye amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, huenda vipele vile vililetwa na virusi vilivyomfanya augue tangu mwanzo. Shaka hiyo ikiandikwa kwenye daftari la kliniki kama mzio wa penisilini, itamfuata hadi utu uzima, na madaktari watamkwepesha penisilini na kumpa dawa nyingine, pengine Cipro hiyohiyo. Na bado, huko Marekani walikowapima watu wenye rekodi kama hiyo, zaidi ya tisa katika kumi walionekana kuweza kuitumia penisilini bila shida.

Nina ugomvi pia na agizo la “maliza dozi”. Ni agizo zuri kwa anayetaka kuacha kwa sababu amepata nafuu, lakini limegeuzwa amri isiyo na mlango. Mtu mwenye maumivu mapya juu ya kisigino, au ganzi miguuni, hapaswi kuvumilia hadi kidonge cha mwisho. Aiache Cipro, aupumzishe mguu na amwone daktari siku hiyohiyo. Aliyevimba uso, anayeshindwa kupumua, au aliyebabuka ngozi pamoja na vidonda mdomoni aende hospitali mara moja, kwa antibiotiki yoyote ile. Kichefuchefu hakimo katika kundi hili. Wengi hukituliza kwa kumezea Cipro na maziwa mala au dawa ya asidi, wasijue kwamba kalisiamu, magnesi na alumini huishika dawa tumboni na kupunguza kiasi kinachoingia mwilini, kwa hivyo wanaondoa karaha na kuacha vijidudu vikinenepa.

Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya hupokea ripoti za madhara kutoka kwa wahudumu wa afya na kwa wagonjwa wenyewe, kwa fomu ya njano au kwa mtandao, na kwa dawa inayoshukiwa kuwa mbovu ipo fomu ya waridi. Anayejaza ataulizwa kampuni iliyotengeneza na nambari ya toleo, yaani ile inayotambulisha kundi la vidonge vilivyotengenezwa pamoja. Hapo ndipo bahasha yetu ya 1x2 inapotuangusha, kwa kuwa mkasi umekwisha kuacha nambari hiyo dukani, na bila hiyo hakuna atakayeweza kutofautisha dhara la dawa na dhara la kundi moja la vidonge vibovu. Wenye maduka hujitetea kwamba boksi la vidonge mia lina karatasi moja tu na haiwezi kugawiwa wateja kumi, na katika hilo wana haki. Lakini jina kamili la dawa, kampuni na nambari ya toleo vinatosha juu ya bahasha, na ile karatasi moja ikibandikwa kaunta, mteja mwenye simu ataipiga picha aende akaisome kwake.