Kabureta au kompyuta? Hela yetu inaishia kwenye kubahatisha

Wazee wengi wanasema kompyuta ndo imetuharibia magari, mi naanza na neno ambalo hawatalipenda: magari ya zamani yalikuwa yanaharibika kuliko haya ya kompyuta. Tena sana. Peugeot 504, Datsun 1200, Land Rover 109, zote zilikuwa zinazingua kila mara ila unazimaliza palepale barabarani na bisibisi na spana mbili tatu, safari inaendelea, ndo maana leo ukimuuliza mzee anakwambia ile gari haijawahi kunisumbua. Ilikuwa inamsumbua, sema haikuwa inammalizia hela.

Chukua pointi za distributa tu, vile vyuma viwili vinavyokatakata umeme wa kuwasha plagi. Zikiungua gari inaanza kumisi, inakosa nguvu, unapaki pembeni unafungua kifuniko, unazipiga msasa kidogo, unapima uwazi kama milimita 0.4, asiye na kipimo anapitisha kipande cha boksi la sigara, inawaka. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ikiingia uchafu unatoa jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, unaipuliza kwa mdomo. Ukipanda mlima Kitonga wa njia ya Iringa mchana na mzigo rejeta inachemka, abiria wanashuka, mnasubiri ipoe. Na watu wanapenda kuleta mfano wa Safari Rally, kwamba 504 ilishinda 1975 na ikashinda tena 1978, kweli ilishinda, ila gari ya rali ina timu ya mafundi na spea inayoifuata njia nzima, teksi ya Iringa haikuwa nayo.

Kwahiyo mi sikubali kwamba kompyuta ndo imetuharibia. EFI, yaani kompyuta kupima na kupuliza petroli kwenye enjini, ilipokuja iliondoa kabureta, gari ikawa inawaka asubuhi ya baridi Njombe bila kuvuta choki, ulaji wa mafuta ukapungua. Na angalia Toyota walivyoifanya mwanzoni. Corolla za miaka ya 90, zile AE100 na AE110, ukifungua boneti kuna kiboksi kidogo cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Unafungua kifuniko chake, ndani kuna matundu yenye majina, unachukua kipande cha waya unaunganisha TE1 na E1, unafungua swichi bila kupiga stata, halafu unaangalia taa ya chek enjini pale kwenye dashibodi. Ikipepesa harakaharaka mfululizo bila kupumzika maana yake haijarekodi tatizo lolote. Ikipepesa mbili, ikatulia, ikapepesa mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Nne halafu moja ni 41, sensa ya throto, ile inayopima umekanyaga mafuta kiasi gani. Basi, umemaliza. Kipande cha waya! Fundi wa chini ya mwembe aliweza, dereva aliweza, mtoto anayejua kuhesabu aliweza. Ile ilikuwa kompyuta inayoongea na mwenye gari, na kwa maoni yangu magari ya kipindi kile ndo bora kuliko yote yaliyowahi kuingia huku kwetu, kuliko ya kabureta na kuliko ya sasa.

Ya sasa yanaharibika mara chache, nakubali, ila siku likigoma ndo hapo. Na ukiangalia vizuri bili ya gereji, kinachokuumiza mara nyingi sio ile spea iliyokufa, ni spea nzima nzima zilizobadilishwa kabla ya kuifikia iliyokufa.

Shemeji yangu ana kigari cha mwaka 2012, taa ya chek enjini ikawaka. Fundi akachomeka mashine, ikatoa P0171. Maana ya hiyo kodi, yaani namba ya tatizo, ni kwamba hewa inazidi petroli, basi, haisemi kwa nini. Fundi akasema sensa ya oksijeni imekufa, ikanunuliwa, taa ikazimwa, baada ya siku chache ikarudi. Ikanunuliwa sensa ya hewa, yuzdi. Ikarudi. Wakaanza kuongelea pampu ya mafuta. Mpaka fundi mwingine mtu mzima akaja akapitisha mkono taratibu kwenye lile bomba la mpira linalotoka kwenye boksi la ea klina kwenda enjini, akalikunja, akaonyesha ufa upande wa chini, hewa ilikuwa inaingia pale bila kupimwa na sensa. Bomba! Mashine ilisema ukweli tangu siku ya kwanza, ila ilitaja dalili, na fundi akaichukua kama jina la spea ya kununua. Hii kitu inatumaliza wengi sana na inaniuma maana mtu anakopa hela ya kutengeneza gari ambayo ndo inamlisha.

Dizeli ndo kabisa. Land Cruiser Mkonga yenye enjini ya 1HZ pampu yake ni ya kimakanika, haina kompyuta ya kuipangia mafuta, ndo maana mpaka leo unazikuta kwenye hospitali na mashirika huko ambako lami haijafika. Dizeli za kisasa za komon reli, zinazopangiwa mafuta na kompyuta, zinasukuma mafuta kwa presha ya zaidi ya bar 1,000 na nozeli zake hazitaki masihara na dizeli chafu. Na nyingi ukifunga nozeli mpya ina namba yake imeandikwa pale juu, lazima iingizwe kwenye kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, kwa mashine, la sivyo gari inatetemeka na kutoa moshi, na mafundi wengi wanafunga tu wanaiacha hivyohivyo.

Wenzetu hili wamelipigania. Jimbo la Massachusetts kule Marekani mwaka 2012 wananchi walipiga kura kulazimisha makampuni ya magari yawape gereji za nje taarifa zilezile wanazowapa mawakala wao. Sisi tunashusha magari bandarini kila meli na sijasikia mtu akidai hilo, tunabishana Toyota na Nissan. Wakati huohuo kidude cha kusoma kodi cha bluetooth kinauzwa bei ya kawaida kabisa mtandaoni, unakiunganisha na simu. Kuwa nacho. Ukienda gereji dai uambiwe namba ya kodi kabla hujapelekwa Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, kununua chochote, na muulize fundi amepima nini mpaka akasema hiyo spea imekufa, akikwambia "hizi gari ndo ugonjwa wake" ondoka.

Mi nikipata hela natafuta Toyota Probox yenye enjini ya 1NZ ya kabla ya 2014, manake mwaka huo ndo waliifanyia mabadiliko wakaiwekea gia boksi ya CVT, ile ya mkanda isiyo na gia za kuhesabu, ya kabla yake ina oto ya kawaida ya gia nne ambayo fundi yeyote anaijua. Kenya haziingii tena kwa sababu ya ile sheria yao ya kutoingiza gari iliyozidi miaka 8, na huku ushuru wa gari chakavu unaipandisha bei, kwahiyo ni kuitafuta mkononi kwa mtu. Mwenye nayo, haijaguswa waya, aniambie.