Aya ya Siku Si Kusoma Biblia

Kila asubuhi makundi ya WhatsApp ya makanisa yetu hapa Mombasa hupokea aya moja yenye picha ya machweo nyuma yake, watu wakaandika "Amina", siku ikaendelea. Sina ugomvi na aya hiyo. Tatizo ni kwamba wengi tumeifanya ndiyo usomaji wenyewe, hadi mtu anatimiza miaka kumi katika wokovu bila kusoma hata waraka mmoja wa Paulo kuanzia salamu hadi neema ya mwisho.

Chukua Yeremia 29:11, ile ya "mawazo ya amani wala si ya mabaya", ambayo tumeizoea kwenye vioo vya matatu na kuta za maduka. Aliyeisoma peke yake huidai kazi au nyumba kabla mwaka haujaisha. Lakini aliyesoma sura ya 28 jana yake anajua kwamba nabii Hanania alikuwa amewaahidi watu kuwa vyombo vya hekalu na mateka wangerudi kutoka Babeli ndani ya miaka miwili. Ulikuwa uongo, na Hanania alikufa mwaka uleule. Ndipo Yeremia anawaandikia mateka barua: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, maana ni miaka 70. Piga hesabu: kati ya watu wazima waliosomewa barua ile, ni wachache mno ambao wangeishi kuona safari ya kurudi. Ahadi ni ya kweli kabisa, ila ilipewa watu walioambiwa wasubiri. Mkristo anayeishika kwa saa ya Hanania, mwaka wa tatu ukifika bila jibu, husema Mungu amemtupa.

Basi soma kwa mfululizo, na usome kidogo. Agano Jipya lina sura 260. Sura moja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, ni sura tano kwa wiki, na kwa wiki 52 umelimaliza lote. Jumamosi na Jumapili zinabaki wazi kwa makusudi, ili uwe na mahali pa kufidia. Biblia nzima ya vitabu 66 ina sura 1,189 (ya Wakatoliki ina vitabu 73, kwa hiyo ni zaidi). Ukitaka kuimaliza kwa mwaka, ni sura tatu kwa siku na tano Jumapili. Mimi simshauri anayeanza ajitwishe hilo. Kwa mwendo huo atakuwa amemaliza Mwanzo na sura 40 za Kutoka kabla Januari haijaisha, na tayari sehemu kubwa ya Kutoka kuanzia sura ya 25 itakuwa imemchosha kwa vipimo vya mapazia na mbao za hema. Halafu anaingia Walawi. Mipango mingi ya mwaka mpya hufia hapo, na mtu huona aibu kana kwamba imani yake ndiyo haba, kumbe kosa lilikuwa la ratiba.

Mmisionari Mjerumani Krapf alipoanza kutafsiri Biblia kwa Kiswahili papa hapa Mombasa mwaka 1844, alianza na Mwanzo. Mtafsiri ana sababu zake. Msomaji mpya aanze na Marko: sura 16, wiki tatu na siku moja, na sura moja kwa sauti ya kawaida haizidi dakika chache. Isome kwa sauti hasa. Towashi Mwethiopia wa Matendo 8 alikuwa akisoma Isaya kwa sauti garini, ndiyo maana Filipo alimsikia.

Wengine husomea kwenye simu wakisubiri feri ya Likoni. Si vibaya, ila zima data kwanza, la sivyo aya ya nne itakatizwa na ujumbe wa mtu anayeuliza umefika wapi. Kitabu cha karatasi na daftari huleta utulivu zaidi. Andika mstari mmoja tu: nani anasema na nani, na kwa nini. Maombi yako yaanzie hapo. Migawanyo ya sura nayo usiiamini sana, kwani iliwekwa karne nyingi baada ya waandishi; 1 Wakorintho 11:1 kwa maana ni mwisho wa sura ya 10.

Ukikosa siku moja, fidia Jumamosi. Ukikosa wiki nzima, usijaribu kulipa sura zote kwa usiku mmoja. Endelea pale ulipoachia, na tarehe ya kumaliza isogee. Kubahatisha ukurasa kila asubuhi ndiko kunakoharibu zaidi, maana utarudi kwenye Zaburi zilezile unazozipenda.

Na Walawi? Ukiwa tayari, anza na sura ya 16, Siku ya Upatanisho, kisha usome Waebrania 9 siku hiyohiyo. Baada ya hapo sura nyingine za dhabihu zitakuwa na pa kushikilia.