Unyanjano wa migomba: jeni ya pilipili hoho au panga safi?

Mkungu unaoshushwa kwenye meli ya Bukoba, pale bandarini Mwanza, unaweza kuonekana mzima kabisa. Pasua ndizi moja. Ukikuta madoa ya kahawia ndani, na chane zimeiva nusunusu kabla ya wakati, huo ni unyanjano, ugonjwa wa migomba unaoletwa na bakteria. Shambani, shina la mgomba mgonjwa likikatwa hutoa usaha wa njano ndani ya robo saa. Mnyauko wa fuzari, ugonjwa mwingine wa migomba unaoletwa na kuvu, hautoi usaha.

Bakteria wake, Xanthomonas, aliripotiwa Kagera mwaka 2006. Huidunga seli kwa kitu mfano wa sindano na kumimina protini zinazozima kinga ya mmea. Lakini anatoa pia protini za haripini, ambazo mmea ukizitambua, seli zilizoguswa hujiua upesi na kumzingira. Mgomba huchelewa kufanya hivyo. Watafiti nchini Uganda walipandikiza jeni ya pilipili hoho inayotengeneza Hrap, protini inayoharakisha hatua hiyo. Katika matokeo ya shambani yaliyochapishwa mwaka 2014, baadhi ya migomba hiyo haikuugua, ya kwanza wala maotea yake.

Wanaopinga migomba ya jeni hiyo wanasema usafi unatosha, na wana hoja. Pita shambani kila wiki, kata shina linaloumwa tu, usawa wa udongo, kwa kuwa bakteria hawaenei kwenye maotea yote kwa pamoja. Chane ya mwisho ikitoka, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda. Wadudu huleta ugonjwa kupitia hapo. Panga lichomwe motoni au liloweshwe kwenye jik, sehemu 1 kwa maji 5. Tatizo ni kwamba kazi hii haina likizo: panga moja la kuazima, au jirani mmoja asiyejali, na shamba lote linarudi nyuma.

Hofu ya chavua kusambaza jeni naiona ndogo, kwani ndizi zetu hazina mbegu. Hofu ya bakteria kujibadilisha ni nzito zaidi, ingawa akiacha haripini huenda akadhoofika; ndiyo maana kuweka jeni mbili pamoja, Hrap na Pflp (nyingine ya pilipili hoho), ni salama kuliko moja.

Novemba 2018 serikali ilisimamisha majaribio ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni, hapa Tanzania. Kwa migomba, uamuzi huo ungefaa kuangaliwa upya: ndizi za kupika tunazolima hazina kinga ya asili ambayo wazalishaji wa mbegu wangeitumia kupata aina sugu. Jaribio lifanyike ndani ya uzio, kwa aina zetu wenyewe, na sharti liandikwe mapema kwamba miche itaendelea kupeanwa bure kati ya majirani kama ilivyo sasa.