Milioni nne na elfu hamsini

Nimechoka kusikia anayeuza vinyago kama kazi ya pembeni akiitwa mkwepa kodi. Wenye maduka ya Mtwara mjini wanalalamika, na nawaelewa. Wao wana fremu, leseni na mashine ya risiti, huku mwenzao anapiga picha kinyago cha mpingo, anairusha kwenye simu, na jioni fedha imeshaingia. Malalamiko hayo ni ya haki. Ninachokataa ni ile dhana kwamba asiyelipa amekusudia kuiba. Wengi hawajui wanadaiwa nini, na ukikaa nao ukapiga hesabu unaona kwa nini.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Mikindani. Cherehani iko dirishani, na juu ya kabati amepanga vinyago vya Kimakonde pamoja na kisahani cha heller, zile sarafu za enzi ya Mjerumani. Kwa mwaka ushonaji unampa mauzo ya shilingi 2,600,000, vinyago na sarafu 1,450,000. Kila kimoja kiko chini ya milioni 4, kiwango ambacho mfanyabiashara mdogo hatozwi kodi ya mapato. Kwa hiyo anaamini hadaiwi. Lakini sheria haihesabu meza, inahesabu mtu. Jumla yake ni 4,050,000, na ameshavuka mstari kwa elfu hamsini.

Hapo ndipo pananiuma. Mauzo yakizidi milioni 4 bila kuvuka milioni 7, mwenye kumbukumbu za mauzo zilizoandikwa hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwa fundi wetu hiyo ni shilingi 1,500. Asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Mtu ni yuleyule, mauzo ni yaleyale, tofauti ni daftari. Elfu hamsini ya mwisho aliyouza inamgharimu laki moja, yaani ingemfaa zaidi asingeiuza kabisa. Na kodi hii inakatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Kinyago alichokinunua 150,000 akakaa nacho mwaka mzima, mwisho akakiachia kwa 120,000, kinaingia kwenye hesabu kama mauzo ya 120,000. Hasara yake haina pa kuandikwa.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji wenyewe hawalitazami. Vinyago vingi si vyao. Mchongaji wa Newala anamwachia fundi kinyago cha ujamaa, kile chenye watu wengi waliobebana, wanakubaliana: kikiuzwa 180,000, mchongaji apate 110,000, yeye abaki na 70,000. Fedha yote inapita kwenye simu ya fundi. Akienda kukadiriwa kodi na orodha ya miamala tu, kila iliyoingia inaonekana ni yake. Tuseme katika ile 1,450,000, laki tisa zilikuwa za wachongaji. Kama makubaliano yameandikwa na mgao unaonekana, ana hoja nzito kwamba kwenye vinyago na sarafu mapato yake ni 550,000 tu, ukijumlisha na ushonaji ni 3,150,000, na hadaiwi hata senti. Kama alivinunua kwanza kisha akaviuza, hoja hiyo hana. Mauzo yote ni yake. Basi fundi huyu anaweza kudaiwa laki moja, au kudaiwa elfu moja na mia tano tu, au asidaiwe kitu, kutegemea kilichoandikwa siku kinyago kilipopokelewa.

Wanaotetea utaratibu huu wanasema ni rahisi: hauhitaji mhasibu, namba ya mlipakodi hutolewa bure, malipo yanagawanywa kwa awamu nne, na hiyo laki moja ipo ili kumsukuma mtu aandike. Nakubali yote. Shida ni kwamba msukumo unamkuta mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa aandike nini.

Mwenye mshahara ana kosa lake jingine. Nesi wa Lindi anayeuza vinyago siku za mapumziko husikia habari ya milioni 4 akatulia. Viwango hivyo ni vya mtu ambaye mapato yake yote ni ya biashara. Yeye faida yake huunganishwa na mshahara na kutozwa kwa viwango vya mtu binafsi, hadi asilimia 30 kwa sehemu inayozidi milioni moja kwa mwezi, na anapaswa kupeleka ritani, yaani taarifa ya mapato yake kwa mamlaka ya kodi. Nafuu yake ni kwamba gharama zinatambuliwa, mradi ana karatasi za manunuzi.

Na aliyerithi lipiko la babu, ile barakoa ya ngoma ya Wamakonde, akaliuza mara moja? Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haiiti biashara shughuli ambayo, kwa asili yake na kwa kazi kuu ya mwenyewe, haifanywi kwa kutafuta faida. Lakini dili moja tu lenye sura ya biashara linahesabika. Na kabla ya kodi kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, kama sarafu za masultani wa Kilwa, hakiuzwi bila leseni, na lipiko la jadi halitoki nchini bila kibali. Tusilichukulie hilo kwa wepesi. Lipo lipiko lililoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984, likarudishwa kutoka Uswisi mwaka 2010.

Sheria inampa anayeanza biashara siku 15 kuomba namba ya mlipakodi, na inamtaka atunze kumbukumbu kwa miaka mitano. Ningependa siku anapopewa namba hiyo kwenye dirisha la ofisi ya kodi, afisa achukue dakika tano amchoree safu nne kwenye daftari la shule: tarehe, kitu, bei, na cha nani.