Disko Haikufia Chicago

Kwenye chemsha bongo za muziki wa zamani kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: disko ilikufa lini? Jibu linalopewa alama ni Julai 12, 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago. Jibu hilo linapendwa kwa sababu lina tarehe, lina mahali na lina mlipuko. Lakini limebeba madai mawili kwa mpigo, kwamba usiku ule uliua muziki, na kwamba tunajua waliokuwa uwanjani walikuwa wanachukia nini. Sidhani kama lolote kati ya hayo ni jepesi hivyo.

Kisa chenyewe ni hiki. Steve Dahl alikuwa mtangazaji wa redio WDAI ya Chicago. Mwishoni mwa 1978 kituo kiliacha roki kikahamia disko, naye akapoteza kazi. Alipopata kibarua kituo kingine, WLUP, akaifanya disko kuwa adui yake wa kila siku hewani. Timu ya White Sox, wenyeji wa Comiskey Park, ambayo ilikuwa haijazi uwanja, ikanusa biashara: njoo na santuri ya disko, uingie kwa senti 98, bei iliyotokana na masafa ya kituo, 97.9. Walitegemea watu kama 20,000. Wanakadiriwa kufika 50,000, na maelfu zaidi wakabaki nje. Katikati ya mechi mbili dhidi ya Detroit Tigers, Dahl, akiwa kwenye magwanda na kofia ya chuma ya kijeshi, akalipua kreti lililojaa santuri. Nyasi zikachimbika shimo, vijana wakaruka vizuizi wakavamia uwanja, polisi wa kutuliza ghasia wakaitwa, na watu 39 wakakamatwa. Tigers, ambao mechi ya kwanza walishinda 4-1, ya pili wakapewa ushindi wa mezani.

Nile Rodgers, mpiga gitaa wa kundi la disko la Chic, aliufananisha usiku ule na Wanazi kuchoma vitabu. Si kauli ya kupuuzwa. Disko ilikulia katika klabu za New York zilizokuwa za watu weusi, Walatino na wapenzi wa jinsia moja, na umati wa Comiskey Park ulikuwa zaidi wa vijana wa kiume weupe. Ila ushahidi unaonigusa zaidi ni wa Vince Lawrence, kijana mweusi aliyekuwa kibarua pale usiku huo, akiwaonyesha watazamaji viti vyao. Amesimulia kwamba nyingi ya santuri zilizoletwa hazikuwa disko hata kidogo. Zilikuwa za soul na R&B, za wanamuziki weusi.

Dahl amekana kwa miaka yote kwamba chuki ile iliwalenga watu weusi au wapenzi wa jinsia moja. Kwake, walikuwa vijana wa roki wakitetea muziki wao. Na ana pa kusimamia: wimbo wake wa dhihaka ulimlenga mwimbaji Rod Stewart, Mwingereza mweupe, na sura iliyojulikana kuliko zote katika disko ya wakati ule ilikuwa ya kundi la Bee Gees, weupe vilevile. Tena watu walikuwa wamechoka kweli. Mwaka 1976 wimbo wenye sauti ya bata, “Disco Duck”, uliongoza chati ya Marekani. Mwaka uliofuata mwanamuziki Meco akautia muziki wa filamu ya Star Wars mdundo wa disko, nao ukaongoza. Kufikia 1979 hata Ethel Merman, mwimbaji wa maigizo ya muziki ya Broadway, New York, aliyekwishavuka miaka 70, alikuwa na albamu ya disko. Hapo hata mimi ningetafuta baruti.

Dahl namwamini anapoeleza nia yake. Mtu aliyepoteza kazi kwa sababu ya disko hahitaji sababu nyingine ya kuichukia. Lakini nia ya mwenyeji haituelezi nia ya wageni elfu hamsini. Inawezekana wengine walibeba santuri yoyote ya nyumbani ili waingie kwa bei ya chee. Hilo lingeeleza baadhi. Haliondoi ukweli kwamba santuri ya soul ilihesabiwa kuwa disko na kupokewa, na kwamba sauti nyeusi ndiyo iliyotosha kuwa tiketi.

Kuhusu kifo, tuangalie chati. “Good Times” ya Chic ilifika namba moja Marekani Agosti 1979, mwezi mmoja baada ya mlipuko. Kweli, iliondolewa na “My Sharona” ya The Knack, roki iliyokaa kileleni wiki sita. Mwaka 1980 Grammy, tuzo kubwa za muziki za Marekani, zikatoa tuzo ya wimbo bora wa disko kwa mara ya kwanza, akaichukua Gloria Gaynor, na haikutolewa tena. Lakini mwaka 1979 mauzo ya santuri Marekani yalishuka kwa ujumla, na kampuni zilizokuwa zimerundika disko sokoni zilikuwa na sababu zao za kuitupa.

Na roki yenyewe ilikuwa imeshameza disko. Rolling Stones walifanya “Miss You” mwaka 1978, Kiss wakafuata, na Pink Floyd wakaweka kwaya ya watoto juu ya mdundo wa disko. Sikiliza besi ya “Good Times”: noti moja inapigwa mara tatu, kikavu, halafu ndipo inatembea. Sasa sikiliza “Another One Bites the Dust” ya Queen. John Deacon, mpiga besi wa Queen aliyewahi kukaa studio na Chic, anaanza vilevile, na anayeimba juu yake ni Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Oktoba 1980, miezi 15 baada ya Comiskey Park, wimbo huo uliongoza chati ya Marekani, na vijana wa roki waliununua.

Lawrence naye hakwenda mbali. Mwaka 1984, Chicago hiyohiyo, alishiriki kutunga “On and On” ya Jesse Saunders, inayotajwa miongoni mwa santuri za kwanza za house, muziki wa dansi wa kielektroniki ambao ni mtoto halali wa disko. Mwaka 2019 White Sox waliadhimisha miaka 40 ya usiku ule kwa kugawa fulana, wakamwalika Dahl arushe mpira wa ufunguzi. Walilaumiwa, na nadhani kwa haki. Kama walitaka kumbukumbu kamili, wangemwita na Lawrence arushe wa pili.